Kisa cha Muuguzi wa Milimani

Mwalimu, Madame Célestine, aligawa karatasi za kisa cha kujadili katika shule ya wauguzi, pale Songo, na kabla Noella hajafika mstari wa tatu alikuwa amekitambua. Majina yalikuwa yamefutwa, lakini mvua ilikuwa ile ile, mama aliyevuja damu baada ya kujifungua alikuwa yule yule, na huyo "muuguzi X" alikuwa baba yake mzazi. Mzee alisimamishwa kazi, na sasa anashinda kule milimani, Rurambo, akichunga ng'ombe wa watu. Darasani hakuna aliyejua. Kwao mtoto habebi jina la baba.

Kanuni ya somo ilikuwa moja: mnajadili kilichoandikwa, hamwongezi kitu. Kundi linatafuta kosa, kisha msemaji anasimama. Na msemaji wa leo, kwa bahati yake mbaya, alikuwa Noella.

"Hakuita gari ya wagonjwa," alisema Pitchou, mwenzake wa kundi, akigonga karatasi. "Muntu anavuja damu, yeye anamuangalia tu! Huyu iko muuaji."

"Pengine aliita. Pengine rezo ya simu haikuwa."

"Iko wapi humu ndani? Weye usituletee ya kwako."

Waliita, jamani! Noella mwenyewe, akiwa likizo, ndiye aliyepanda kilima na simu ya baba, akapiga na kupiga bila kupata rezo huku mvua ikimchapa, na baba kule chini akikandamiza tumbo la yule mama kwa mikono miwili. Aseme? Madame alikuwa mjumbe wa tume itakayoamua hatima ya baba. Angesema mtoto anamtetea mzazi wake. Anyamaze? Basi hukumu ingetoka kinywani mwake. Kote kulibana.

Zamu ikafika. Akasimama, akasoma waliyokubaliana: muuguzi hakuita gari, mama akafa kwa uzembe. Darasa likapiga makofi. Noella aliichukia sauti yake mwenyewe.

"Vizuri sana," alisema Madame, uso umemchangamka. "Haya nitayapeleka kwa tume. Unaona, mwanangu? Kama weye ungekuwa pale, yule mama angepona."

"Minye nilikuwa pale, Madame. Minye ndiye nilikuwa naita gari."

Madame akainua karatasi yake, akaisoma tena yote, pole pole, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Hapa haiko," akasema.