Mkanda wa Kabemba

Kabemba aliponiita nimpake pemba, nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Huyu ndiye aliyesimama mlangoni pangu mtaani Kapata, hapa Kolwezi, mwaka ule tulipofukuzwa sisi Wakasai, watu wa asili ya Kasai, vijana wenye mapanga nyuma yake. Mwanangu Ngeleka alikuwa kitandani, mwili mzima umejaa tetekuwanga. Niliomba waniache hadi mtoto apone. Kabemba, jirani yangu, mtu aliyekula ugali wangu, akasema: "Mutoke na batoto benu ba bidonda!" Ngeleka alifia ndani ya behewa la treni iliyotuondoa, na Kabemba akahamia nyumbani kwangu.

Miaka ilipopita nilirudi Kolwezi. Nauza samaki wakavu sokoni, na chuki yangu sijaipunguza hata kidogo.

Aliyetumwa kuniita ni binti yake Tatiana, mjamzito wa kukaribia kujifungua. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka kwa mumewe, mji wa Fungurume, kuja kumuuguza baba yake.

"Mama Mbuyi, tata iko na mukanda wa malengelenge ku mbavu. Anasema njo weye ulimuloga. Mukanda ukizunguka, ncha zikutane, atakufa. Kuya umupake pemba, umuachilie."

Kwetu ndivyo ilivyo: uliyemkosea akikupaka pemba, ule udongo mweupe, na kutamka kwamba moyo wake umetulia, laana inakwisha. Nilikwenda. Nilitaka kumwona.

Alikuwa amelala chumbani kwangu, hawezi hata kuvaa shati. Malengelenge yalitoka mgongoni hadi karibu na kitovu, mengine yakivuja maji. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo.

Tatiana alichukua kitambaa aanze kumwosha, mikono mitupu. Hapo nikakumbuka maneno ya muuguzi mmoja wa kwetu, aliyekuwa akiwazungukia watoto wagonjwa pale stesheni tukingoja treni. Tetekuwanga ikipona haitoki, alisema. Inalala mwilini miaka na miaka, na mtu akizeeka au akidhoofika, inaamka na kuwa zona, mkanda huu. Zona ya mtu haikupi zona. Lakini maji yake humpa tetekuwanga yeyote ambaye hajawahi kuiugua, na kwa mwenye mimba ni hatari, yeye na mtoto wake.

"Tatiana, ulishaka kugonjwa varisele, ile ya bipele ya batoto?"

"Hapana, mama. Hata siku moja."

Ningeweza kunyamaza. Nilimtazama Kabemba, nikajua mjukuu wake yuko mkononi mwangu. Mwanangu kwa mjukuu wake. Lakini mtoto yule hakunikosea kitu, na tena nikaona njia iliyo tamu zaidi.

"Acha kitambaa, binti. Usimuguse." Nikamweleza yote, kwa sauti, ili mzee asikie vizuri. Kisha nikamgeukia. "Hakuna mwenye alikuloga, tata. Uligonjwaka varisele mu utoto, sawa na Ngeleka. Ile siku ulitufukuza, ulikuwa nayo mu mwili wako."

Tatiana alifunga mzigo wake huku analia.

"Mwana, usiniache," Kabemba akasema.

"Tata, ni juu ya mutoto." Mlangoni akaniuliza nani sasa atamwosha baba yake.

"Mi," nikamjibu. "Mi niligonjwaka zamani. Haiwezi kunifanya kitu."

Tulipobaki wawili, Kabemba akaninyooshea kibonge cha pemba. Sikukipokea. Nilichota maji ya uvuguvugu, nikaketi kando yake, nikamwosha taratibu, kwa mkono mwepesi kabisa. Nikamsimulia safari yetu, stesheni kwa stesheni: joto la Ngeleka, kiu yake, watu waliotukanyaga, na jinsi alivyouliza kama tata Kabemba angemlishia kuku wake. Kabemba aliziba masikio. Nilimshusha mikono, nikaendelea. Akalia kwa sauti, akaniomba ninyamaze, basi yatosha.

"Tulia, tata," nikamwambia, nikichovya kitambaa tena. "Tuko bado ku stesheni ya Tenke. Mutoto iko bado anapumua."