Sehemu Zote kwa Mpigo

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu ya kukera, yale ya kulowesha viatu bila kukupa kisingizio cha kuchelewa kazini.

Kikao kilikuwa na ajenda moja: tamthilia yangu. Mkurugenzi wa kituo chetu cha televisheni alikuwa ameamua kuhamia mtandaoni kwa kishindo. Badala ya kurusha sehemu moja kila Alhamisi, tukaweka msimu mzima mtandaoni kwa mpigo. Watazamaji wakaumaliza wikiendi hiyo hiyo, wakatoweka. Wenye matangazo nao wakawafuata. Sasa alitaka kuifuta tamthilia. Mimi niliyeiandika nilimwomba Mungu kimoyomoyo anipe ulimi mpole, kisha nikasema tatizo si hadithi, ni namna tulivyoitoa. Akanijibu kwamba siku hizi hakuna mwenye subira. Meneja wa matangazo akatikisa kichwa kukubali. Huyo hata ukipiga chafya anakubaliana nawe.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia mama mzazi wa mkurugenzi, mwavuli ukidondosha maji kwenye zulia. Nyuma yake mlinzi aliinua mikono kuonyesha kwamba amejaribu.

Mama alikataa kiti. Akaeleza kwamba zamani majirani walijazana sebuleni kwake kila Alhamisi, kisha wiki nzima wakabishana baba wa yule mtoto wa kwenye tamthilia ni nani. Sasa kila mtu na simu yake, huyu yuko mbele, yule yuko nyuma, hata maongezi hayawezekani.

"Na jana mkeo kanimwagia mwisho wote mezani," alisema. "Eti baba ni daktari. Mimi ndiyo kwanza niko sehemu ya tatu, mwanangu."

"Mama, tuko kazini."

"Ndiyo maana nimekuja huku. Nyumbani hunisikii."

Meneja wa matangazo akakohoa, akasema kwamba wiki nzima ya ubishi ni wiki nzima ya kuuza matangazo. Sijawahi kumsikia akitoa wazo lake mwenyewe. Nikamshukuru Mungu papo hapo.

Mkurugenzi akamtazama meneja, akanitazama mimi, akaishia kwa mama yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba sawa, atalifikiria.

"Simama useme," mama akamwambia. "Hawa wasikie."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Msimu ujao upo. Sehemu moja kila Alhamisi, mtandaoni na kwenye televisheni, saa ile ile. Na mke wangu ataiona siku ile ile na wewe, Mama. Naahidi mbele ya hawa wote."