Mji wa Konokono

Saa nane mchana, fundi miwani alikuwa ameshika kioo cha mteja kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, na kati ya hivyo viwili hakuna alichokiona sawasawa. Kwenye karakana ya nyuma ya duka alikuwa fundi wa kawaida. Mtandaoni, kwenye jukwaa la wachezaji elfu nne wa mchezo wa kujenga miji, alikuwa Refa, msimamizi, mwenye uwezo wa kumfukuza mtu kwa kidole.

Malalamiko yalifika asubuhi. Mchezaji mmoja asiyejulikana alidai kwamba Konokono ameiba mji wake. Konokono! Mwalimu mstaafu aliyejenga mji ule jiwe kwa jiwe kwa miaka miwili, mtaratibu mpaka watu wakampachika jina. Lakini mlalamikaji aliuweka mji hadharani siku tatu kabla yake, na kampuni yenye mchezo haijui mjomba wala shangazi: aliyetangulia kuuweka ndiye mwenye haki, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikifika saa tisa, mji wa Konokono unafutwa, na yeye anafukuzwa.

"Dada Refa," mzee aliandika, "wewe nilikutumia nakala ya mji kabla ya wote. Nisemee."

Refa akaufungua mji wa mlalamikaji, akatembea ndani yake mpaka mnarani. Ngazi ya mnara ilikosa vidato vitatu vya juu. Vidato vile vilikosekana kwenye nakala moja tu duniani: ile ambayo Konokono alimtumia yeye aikague, kabla hajamaliza kujenga.

Naye Refa, kiherehere kilipomwasha, alimrushia binamu yake. "Ona maajabu haya, ila usimwonyeshe mtu." Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa wa damu kabisa.

Akampigia.

"Binamu, ondoa malalamiko."

"Malalamiko gani tena?"

"Usinichezee. Nimeiona ngazi."

Kicheko kidogo. "Haya, kaseme. Lakini ukisema, useme na aliyenipa ni nani." Akakata simu.

Saa tisa kasoro dakika kumi. Fomu ya kampuni ilikuwa na swali moja gumu: mlalamikaji aliipataje nakala? Angeandika kwamba hajui, tarehe ingeamua, mzee angefutwa, na yeye angebaki Refa. Alikipenda cheo kile, tusidanganyane. Dukani hakuna aliyemsikiliza.

Wifi yake, mwenye duka, akagonga mlango. "Wifi, miwani ya mteja tayari, au tumpe fimbo ya kipofu kabisa?"

"Nakuja, wifi."

Mficha uchi hazai. Akaandika yote, akaambatisha na ujumbe aliomtumia binamu, akatuma zikiwa zimebaki dakika mbili. Kioo cha mteja kikamponyoka, kikapasuka sakafuni.

Saa tisa na robo uamuzi ukatoka hadharani, ushahidi wote chini yake. Mji ubaki wa Konokono. Binamu afukuzwe. Refa avuliwe usimamizi, na asiandike jukwaani mwaka mzima.

Wachezaji wakamiminika kumpongeza mzee. Hakumjibu hata mmoja. Aliandika mstari mmoja tu, chini ya ule ujumbe wa Refa kwa binamu yake: "Mimi hata mke wangu sikuwa nimemwonyesha."

Refa akagusa pa kuandikia jibu. Hapakufunguka.