Ukanda Mfupi Kuliko Shingo

Mimi ni fundi wa sare za shule, na kukata kitambaa pungufu ni mwiko kwangu. Kwa hiyo wifi yangu aliponiambia ukanda wa shingo ya fulana hukatwa mfupi kuliko shingo yenyewe, nilidhani ananitania. Wifi bila utani si wifi. Nikapima shingo, nikakata ukanda sawasawa nayo, nikashona.

Shingo ikalegea yote.

"Hapo mama anaingia na mto wake," wifi akasema.

Mama ni mzazi wake, na kwangu ni mama mkwe. Tangu vidole vyake vianze kukaza, vifungo vimemshinda. Anavaa fulana tu, na zote zimeshonwa na binti yake. Tangu niolewe nyumba hii nimevalisha watoto wa shule nzima, lakini yeye hajawahi kuvaa uzi wangu. Liliniuma, nisiseme uongo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami nikainama nikaomba kufundishwa.

Fulana ya pili nilikata ukanda mfupi, nikaushona kwa mshono wangu wa siku zote, ule ulionyooka. Nikaijaribu kichwani. Nikakwama humo ndani, sioni kitu, namsikia tu wifi anavyocheka. Alipovuta kunitoa, uzi ukakatika.

"Kitambaa kinavutika, na uzi nao lazima uvutike," akasema, akigeuza cherehani kwenye zigizaga, mshono wa kupindapinda. "Halafu vuta ukanda peke yake. Fulana iache ilale, usiibughudhi."

Mikono yangu imezoea kukibana kitambaa kisitikisike, ikabidi niikemee. Mmoja ukavuta ukanda kidogo, mwingine ukaiongoza fulana tu, mpaka tukazunguka shingo yote bila kunyanzi. Nilipoitoa chini ya sindano, ukanda ukajirudi wenyewe, ukalala. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Tukampelekea mama sebuleni. Wifi akamvisha, kichwa kikapita bila kusukumana. Mama akaipapasa shingo kwa vile vidole vyake.

"Mwanangu," akamwambia wifi, "leo umeshona. Zako zile huwa zinanibana, nilikuwa naona haya kukwambia."

Nikamwangalia wifi. Angeweza kuichukua ile sifa akanyamaza, na mimi nisingethubutu kumpinga mbele ya mama yake.

"Si mimi, mama," akasema, akanionyesha kwa mdomo. "Ni huyo."

Mama akanitazama, kisha akaishika ile shingo tena.

"Basi zile nyingine zote apewe huyu, azifumue azishone upya."

Wifi akaenda kuzileta mwenyewe, akanimwagia mapajani.

"Umejitakia," akasema, akakaa kando yangu na wembe wake. Mpaka jioni tulikuwa bado tunafumua, na mimi naimba.