Ng'ombe wa Mzee Erinayo

Asubuhi ya mazishi ya Mzee Erinayo, Akwero alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, nyuma ya bucha ya Kawempe, Kampala, akimenya matoke ya msiba wa mwajiri wake huyo, alipowaona ng'ombe wa baba yake mwenyewe wakikata kona kutoka barabara ya Bombo. Mvua ilikuwa imenyesha na mtaa wa Bwaise ulikuwa umefurika, lakini kwato zao zilikuwa kavu. Bodaboda ziliwapisha. Waliingia langoni mmoja mmoja, wakapita katikati ya viti vya plastiki, wakalala kulizunguka hema lenye jeneza.

Walikuwa wamekufa zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Akwero aliwatambua wote. Mbele alikuwa Olwit, fahali mwenye pembe iliyoshukia jicho, aliyepewa jina la mwewe. Nyuma kabisa alikuja yule jike mwekundu mwenye sikio lililochanika, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomkuza. Alifuta utomvu wa ndizi mikononi, akaenda kuwachotea maji.

Alikuwa mtoto wakati wanajeshi walipofika kwao kaskazini na malori. Ng'ombe hawakuwasikia wageni, kwa hiyo baba yake aliambiwa awaite mwenyewe. Akawaita, wakapanda malori. Kisha akaketi kando ya zizi tupu, na hakuondoka pale mpaka alipozikwa. Kiangazi cha mwaka ule ule njaa iliwachukua wadogo wawili wa Akwero. Naye hakuwahi kumsamehe baba yake kwa kuwaita wale ng'ombe.

Ukubwani, alipofiwa na mume, alipata kazi jikoni kwa Mzee Erinayo. Mzee hakuwa mkali. Siku alipomuuliza kwao ni wapi, alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Watu ya kwenu, ng'ombe yao ilikuwa mzuri sana," akaomba aongezewe chai.

Kule hemani, mshereheshaji alikuwa akisimulia maisha ya marehemu, miaka yake sabini na miwili. Alizaliwa shambani, akachunga ndama wa baba yake peku. Akaingia jeshini akiwa kijana, akapigana. Akatoka vitani na mtaji, akafungua bucha moja, halafu ya pili, halafu ya tatu. Hakuwahi kusahau alikotoka. Waombolezaji walitikisa vichwa kukubali.

Ndipo akaitwa Afande Wangila, aliyetumikia naye kikosi kimoja. Alisimama kwa mkongojo, akawatazama ng'ombe kwa muda.

"Hizi ndiyo zile tulitoa kaskazini," akasema kwenye kipaza sauti. "Zimekuja zote. Hata ile tulikula njiani."

Watu wakapiga makofi kidogo. Mchungaji wa kanisa akasema kwamba mtu anayesindikizwa kaburini hata na wanyama alikuwa na upendo mwingi.

Akwero alimfuata Olivia, binti mkubwa wa marehemu, ambaye sasa ndiye aliyeshika funguo za bucha zote.

"Madamu, hizi ng'ombe ni ya baba yangu."

Olivia alimtazama kwa upole. "Naamini, maama. Afande amesema yeye mwenyewe. Lakini hazikuenda kwenu. Zimekuja kwa mzee."

"Kwetu hakuna mtu tena."

"Ndiyo hiyo," Olivia akasema. "Na watu wamekuwa wengi, nyama haitatosha."

Akwero alizunguka hema, akawanong'oneza. Ng'ombe waliinuka bila kishindo, wakamfuata mpaka langoni. Hapo alikuwa ameketi mwenyekiti wa mtaa, akinywa soda. Akamuuliza kibali cha kusafirisha mifugo.

"Wakati inaingia hukuuliza," Akwero akasema.

"Kuja kwa msiba hakuna kibali. Kutoka nazo ni wizi."

Hakupaza sauti. Alifunga lango, akarudi kwenye soda yake, na ng'ombe wakarudi kulala walipokuwa.

Obonyo, mchinjaji aliyetoka Kisumu, alimfunga Olwit kamba, akavuta. Fahali hakusogea hata unywele. Akajaribu wengine, ikawa vile vile. Mwishowe akaiweka kamba chini, akaja kuchuchumaa karibu na Akwero.

"Dada, hawa hawanisikii. Nimeambiwa nikishindwa niwamalize hapo hapo walipolala, kwa shoka." Alizungumza akitazama chini. "Ukiwaita wewe, nitatumia kisu. Kisu changu ni kikali. Hawataumia sana."

Akwero hakuwahi kujua baba yake aliambiwa nini kingetokea siku ile asipowaita. Alimkumbuka akitembea mbele ya malori, huku akiwaita kwa sauti nyororo kama anayewapeleka mtoni, na kwa mara ya kwanza alimhurumia.

Akainuka, akawaita kwa majina. Wakaja. Yule mwekundu alikuja wa mwisho, akamlamba kifundo cha mkono, kisha akapita kwenda kwa Obonyo.

Damu ilitoka kama damu yoyote. Nyama ilikuwa laini na ikatosha, na watu wakasema mzee amewalisha hata baada ya kufa. Akwero alipewa kwato, kama ilivyo desturi kwa wapishi. Jioni Mzee Erinayo akazikwa kwa heshima zote.

Kesho yake, hema likiwa halijashushwa, ng'ombe walikata kona tena. Shingo zao zilikuwa nzima. Obonyo aliwatazama, akaenda kunoa visu. Walikuja na siku iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Olivia aliacha kununua ng'ombe mnadani, akashusha bei kidogo, na foleni ya wateja ikafika barabarani. Matoke akapewa mtu mwingine amenye. Akwero alishonewa koti jeupe; asubuhi huita ng'ombe, mchana hupima nyama kaunta.

Siku moja alikuja Nabintu, Mkongo mwenye mgahawa kule Kabalagala. Alibonyeza nyama kwa kidole, akanusa.

"Mama, hii nyama tamu hivi munaipataka wapi?"

"Kwetu," Akwero akasema.

Nabintu akamwambia amfungie kilo nyingine.