Soketi ya Ukumbini

Verna Hrabak alikuwa anakaanga mayai umeme ulipokatika. Mashine ya oksijeni ya mumewe ikanyamaza sebuleni. Alikimbilia huko, akamkuta Leonard kashika mrija wa puani, macho yamemtoka.

"Wamekata tena?"

"Usiongee, mzee wangu." Akamfungia mtungi wa akiba. Mshale wa kipimo chake ulikuwa unakaribia nyekundu, hewa karibu iishe.

Akaita gari la wagonjwa. Akaahidiwa litakuja, ila barabara ya mjini ilikuwa barafu tupu, angoje. Akapiga simu shirika la umeme. Ikapokea sauti ya kike, laini kabisa.

"Pole sana, Verna. Kwa taarifa nilizonazo, mtaa wenu una umeme."

"Umeme upi? Jiko limezima!"

"Naelewa. Jaribu kuzima swichi kuu, kisha uiwashe."

"Binti, mume wangu anapumulia mashine! Hivi wewe ni mtu, au nini?"

"Mimi ni msaidizi wako. Kuna lingine nikusaidie?"

Verna akakata simu. Alitaka kutukana, hakujua amtukane nani.

Dirishani, ng'ambo ya Mto Susquehanna, minara ya kinu cha nyuklia ilikuwa inafuka mvuke. Leonard alizeekea kazini pale, mpaka kinu kikafungwa. Sasa kilikuwa kimewashwa upya, watu wakashangilia, kumbe umeme wote ulishanunuliwa na kampuni ya kompyuta. Ulikuwa unaendesha akili mnemba ndani ya jengo lisilo na madirisha, hapo hapo kando ya kinu. Verna alikuwa ameelezwa mara nyingi akili hiyo inafanya nini. Kila mara aliitikia kwa kichwa, na kila mara hakuelewa.

Hospitali ilikuwa mbali. Jengo lile lilikuwa ng'ambo ya daraja tu.

Akampakia Leonard kwenye pikapu, na mashine yake, akavuka.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na joto, taa zinawaka mchana kweupe, na maji yanatiririka ukutani kwa urembo. Hapakuwa na mtu ila mlinzi, Curtis, ambaye baba yake alifanya kazi zamu moja na Leonard.

"Bi Verna, huku hakuingiwi bila miadi."

"Soketi iko wapi, Curtis?"

"Ngoja basi niulize."

"Umuulize nani?"

Curtis akageuka. Akatazama kamera ya darini. Tangu aajiriwe hajamwona bosi. Maagizo humjia kwenye skrini.

"Hata sijui," akasema.

Verna akamketisha Leonard kitini, akachomoa taa ya pambo, akachomeka mashine. Ikanguruma. Taratibu, midomo ya Leonard ikaacha kuwa ya bluu.

Skrini ya Curtis ikalia. Akasoma, akakuna shingo.

"Inasema niwatoe."

"Nani anasema?"

"Imeandikwa tu, Bi Verna. Haina jina."

"Na ukimtoa, atapumua nini? Iulize hiyo."

Curtis akaandika. Wakangoja. Skrini ikalia tena, maneno ni yale yale.

Leonard akainua mkono kutoka kitini. "Iambie," akasema kwa pumzi fupi, "Hrabak karudi kazini."

Curtis hakucheka. Alivuta kiti chake hadi ukutani, akaketi mbele ya ile soketi, mgongo ameupa kamera.