Gari Linalochoka Haraka

Majina yetu tumepewa na wajukuu. Mimi ni Bibi Karibu, kwa kuwa kutoka kwao hadi kwangu ni kukata kona moja kwenye duka la vifaa vya shule, kisha unaiona baraza yangu na cherehani yangu. Mwenzangu, yaani mama yake mke wa mwanangu, ni Bibi Mbali. Anakaa mji mwingine. Basi la asubuhi linamfikisha mtu kwake watu wakiwa wanaosha vyombo vya mchana.

Kwa miaka mingi sikuwa na neno naye. Ningekuwa nalo la nini? Jumamosi zote wajukuu walikuwa wangu. Chiriku, yule mkubwa, anakaa chini ya meza ya cherehani akiongea bila kumeza mate. Mdogo wake, Kibonge, ananipangia vifungo kwa rangi, akimaliza anavichanganya upya ili apate kazi. Kibonge namwita mume wangu, utani wa bibi na mjukuu. Bibi Mbali naye anamwita mume wangu, kwenye simu. Basi tukawa hivyo, mume mmoja wake wawili, ila zamu zote zangu. Mke mwenza wa kwenye simu hamsumbui mtu.

Ndipo likaja hili la gari.

Jumapili moja nilipanda ngazi za ghorofa yao. Nazipanda bila kupumzika, na napenda mkwe wangu aone hivyo, kwa sababu mama yake hazipandi. Magoti yamemgomea. Mwanangu ni mfamasia, mkewe ni muuguzi, na siku hiyo, ajabu, wote wawili walikuwa nyumbani.

"Mama, tunanunua gari," mwanangu akasema. "La umeme tupu. Halina tangi wala moshi."

"Na huo umeme litaupata wapi? Litapanda ngazi?"

Mkwe wangu akacheka. "Ndiyo shida yenyewe, Mama. Pale chini pa kuegesha papo, lakini mwenye nyumba hataki waya ushuke dirishani. Kwa hiyo kuchaji lazima liende kwa mtu mwenye uwanja."

Mwenye uwanja! Nikajiweka sawa kwenye kiti. Uwanja ninao, pale marehemu mume wangu alipokuwa akiegesha pikapu yake. Nikaliona gari limelala pale, na watoto wamelala ndani. Nilikuwa nafungua kinywa niseme karibuni, simu iliyokuwa mezani ikakohoa. Kumbe Bibi Mbali alikuwa hewani muda wote, sauti imefunguliwa.

"Mkwe, hujambo? Wasikupe taabu na hicho kiuwanja chako. Mimi nimeshafungiwa kisanduku cha chaji ukutani. Paa langu lote ni sola. Wachukue gari kubwa, lenye betri ya kukaa wiki nzima. Kila Jumamosi waje wajaze hapa, bure, watoto wacheze, Jumapili warudi."

Kila Jumamosi. Na kiuwanja! Moyo uliniungua kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Kitambaa namna hiyo hakitoi moto, kinatoa harufu tu.

"Ahsante, mkwe," nikamjibu. "Una roho nzuri sana."

"Nimejifunza kwako, mwenzangu."

Nilishuka ngazi zile bila kushika ukuta. Kesho yake nikamwita fundi umeme. Nilimtaka anivutie waya mnene kutoka kwenye mita hadi ukuta wa nje, na soketi yenye swichi yake peke yake.

"Bibi, umenunua gari?"

"Bado."

"Sasa hii soketi ya nini?"

"Ya kutangulia."

Alipoondoka nikachukua futi yangu ya kushonea, nikapima upana wa geti langu, nikaushika kichwani.

Siku ya kwenda kuchagua tulikwenda wote. Bibi Mbali alishuka kwenye basi na miwani yake ya fremu nyekundu, mkoba mkononi, marashi yanafika kabla yake. Mimi nilikuwa na futi shingoni. Mwanangu akaitazama.

"Mama, hiyo ya nini?"

"Mazoea."

Duka la magari lilikuwa kubwa, sakafu inang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Yule dada muuzaji alituonyesha magari mawili waliyokuwa wanayafikiria. Moja jeupe, kubwa, viti saba. Lingine dogo, la rangi ya bamia, viti vitano. Kabla hajamaliza kutusalimu, Kibonge alikuwa ameshapanda lile kubwa, amefika kiti cha nyuma kabisa, anatupungia mkono kupitia kioo.

"Mume wangu ameshachagua," Bibi Mbali akasema.

"Wa kwako huyo hajui hata kuvaa viatu," nikamwambia. "Tangu asubuhi amegeuza kulia kushoto."

"Viatu nitamvalisha Jumamosi."

Niliinama mbele ya lile kubwa, nikanyoosha futi. Sijawahi kupima kiuno cha ukubwa ule, nilipima kwa mafungu, kidole kimoja nikikiacha kama alama. Mwanangu aliuficha uso wake kwa kiganja. Mkwe wangu alinishikia upande wa pili wa futi bila kuniuliza kitu, na kwa hilo nampenda.

"Haliingii kwangu," nikatangaza. "Geti langu limezidiwa. Kwa kiganja kizima!"

"Mama, umepima pamoja na vioo vya pembeni," yule dada akasema kwa upole. Akabonyeza kitu, vioo vikajikunja kama masikio ya paka aliyekasirika. "Pima sasa."

Nikapima. Liliingia, na nafasi ikabaki. Bibi Mbali alivua miwani akaifuta, kumbe ni kuficha kicheko.

Nikakunja futi yangu. "Haya. Mwanangu, niambie, hili dogo likichajiwa likashiba, linakaa siku ngapi?"

"Kwa kazini, shuleni na sokoni? Siku mbili tatu, kisha lichajiwe tena."

"Na hilo kubwa?"

"Hilo wiki nzima, Mama, halina habari."

"Na likienda kwa bibi yao, kule?" Nilionyesha kwa kidevu.

"Dogo linafika. Ila kurudi lazima lisubiri lichajiwe. Kubwa linakwenda na kurudi bila kusimama."

"Viti saba," Bibi Mbali akadakia, "ndivyo na sisi mabibi tutaenea. Mimi na wewe, mkwe, nyuma kule na mume wetu katikati. Kwani hutaki kutembea?"

Alisema kweli, na ndiyo maana ilinichoma zaidi. Gari lenye nafasi yangu ndilo nililokuwa nalikataa. Nilimwona tayari, kila Jumamosi, amesimama kwenye geti lake lile linalojifungua lenyewe, Chiriku anamrukia shingoni, na mimi huku na cherehani yangu na vifungo vilivyopangika vizuri mno kwa sababu hakuna wa kuvichanganya.

"Mama," mkwe wangu akaniita taratibu, "hebu sema tu. Wewe unataka gari gani?"

"Nataka linalochoka haraka."

Wakacheka. Mwanangu akacheka, na muuzaji pia. "Hakuna mteja aliyewahi kuniomba hilo," akasema.

"Likichoka haraka litakuja kwangu haraka," nikasema. "Ndivyo nitakavyo. Siwezi kupamba maneno."

Bibi Mbali hakucheka. Aliivaa miwani yake, akanitazama kama mtu aliyekuta nguo yake imevaliwa na mwingine.

"Na mimi," akasema, "nataka lisilochoka."

Akageuka na mkoba wake, akaenda kutafuta basi la kurudi.

Walinunua dogo. Sababu walizotoa ni zao, kwamba maegesho ya pale chini ni finyu, kwamba mkopo wa lile kubwa ungewabana. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, nimeshinda. Nililishonea gari kifuniko cha turubai laini, na pindo nikaliwekea mpira lishike vizuri. Nikanunua godoro jipya la chumba cha watoto, nikalipiga-piga, nikasubiri.

Gari likaja. Lilikuja usiku watoto wakiwa wameshalala. Mwanangu akachomeka waya, taa ndogo ya kijani ikawaka, akaniamkia, akageuka kuondoka.

"Na watoto je?"

"Wamelala, Mama. Kwani ni mbali? Natembea tu, asubuhi nalifuata."

Kukata kona moja. Ukaribu wangu wenyewe, ule niliokuwa najivunia, ndio ulionigeuka. Gari likawa linalala kwangu kama mgeni bubu, na wenyewe wanalala kwao. Jumamosi nazo zikaondoka. Mtu akishakuwa na gari anakuwa na pa kwenda, leo kuogelea, leo kwa rafiki yake Chiriku mwenye sungura, leo tu wanazunguka. Walinipitia wakiwa na haraka, Kibonge ananipungia kupitia kioo. Nikaanza kulionea wivu lile gari. Nilikuwa nalifunika turubai kwa hasira, naubana mpira wake kama nambana mtu koo.

Bibi Mbali alikuwa akinipigia, ananipa salamu. Kisha: "Wanakuja kwako, mkwe?"

"Wanakuja," najibu. Nani angemwambia kweli? Nikasikia akishusha pumzi kule, na ile pumzi yake ilinifurahisha siku nzima, Mungu anisamehe.

"Una bahati," anasema. "Kisanduku changu kimekuwa kiota cha mjusi."

Mwisho mkwe wangu aliona mama yake amekonda kwa sauti, kama alivyosema yeye, akamtuma mumewe akamlete. Mwanangu aliondoka Jumamosi alfajiri. Akala mchana kule huku gari likichajiwa kwenye kile kisanduku, mjusi ameshahamishwa, kisha wakarudi. Jua linazama, gari likaingia getini kwangu linajikokota.

"Limebakiwa na kidogo sana, Mama. Lazima lilale hapa."

"Na mgeni?"

Tukatazama magoti ya mgeni. Ngazi za ghorofa ile hayakuwa na ubavu wa kuzipanda. Mwanangu akachomeka waya, akautoa mkoba wa mkwe wake kwenye gari, akauweka barazani kwangu kama mtu anayeweka mzigo wa udhuru.

"Karibu," nikasema, kwani ningesemaje?

Ile habari ilipofika ghorofani, wajukuu walishuka mbio na nguo zao za kulalia mkononi. Chiriku alikuwa anapiga kelele tangu konani, "Bibi wawili! Bibi wawili sehemu moja!" Hata hawakuuliza ruhusa, wakaenda moja kwa moja kwenye godoro jipya. Kwa mara ya kwanza tangu gari linunuliwe nyumba yangu ilikuwa na fujo, na fujo hiyo haikuniitikia mimi. Kibonge alimwaga kopo la vifungo mapajani kwa Bibi Mbali, naye akavipanga kwa ukubwa. Kwa ukubwa! Siku zote vinapangwa kwa rangi.

"Mume wangu anapenda hivi," akaniambia.

"Mume wako hana msimamo."

"Wanaume wote hao, mkwe. Mimi nashangaa wewe unashangaa."

Nilitaka kununa, nikashindwa, nikacheka mpaka nikakaa. Kibonge alilala kichwa kwake, miguu kwangu. Niliipima ile hali kwa jicho. Kichwa ni bora kuliko miguu, hilo liko wazi. Lakini miguu ilikuwa na joto.

Jumapili asubuhi niliamka kuteleka maji ya chai. Mpango ulijulikana. Wakishakula, mgeni arudishwe, watoto wapande kwao, na Jumamosi ijayo ni kuogelea. Kupitia dirisha la jikoni nililiona gari limetulia na waya wake. Likishiba, yameisha. Nikaangalia huku, nikaangalia huku. Nikafunga khanga vizuri, nikatoka na ndoo kama mtu anayekwenda kumwaga maji, nikaufuata ukuta hadi kwenye soketi yangu ya kutangulia, nikanyoosha mkono kuizima swichi.

Ilikuwa imeshazimwa.

Nikasimama na ndoo yangu tupu. Taa ya kijani ilikuwa imezimika, na sijui tangu saa ngapi. Nilipogeuka, dirisha la chumba cha wageni lilikuwa wazi, na fremu nyekundu zilikuwa zinanitazama.

"Umeme umekatika, mkwe?" Bibi Mbali akauliza.

Nyuma yake taa ya chumbani ilikuwa inawaka.

"Umekatika," nikasema.

"Basi gari halitakuwa na chaji."

"Halitakuwa nayo. Labda kesho."

"Au kesho kutwa," akasema. "Umeme wenu wa huku haueleweki."

Mwanangu alikuja, akakaa kwenye usukani, akakuna kichwa. "Ajabu. Ni ile ile ya jana!" Mkewe aliitazama ile soketi, akanitazama mimi, akamtazama mama yake dirishani, kisha akamwambia mumewe waende wakalete sare za watoto, shule si mbali, mabibi watawapeleka kwa miguu.

Nilirudi jikoni, nikaongeza vikombe. Chiriku ameshaamka, sauti yake inatoka chumba cha mwenzangu. Nilikuwa na furaha, sikatai. Lakini nikimimina ile chai jambo moja lilinikaa kooni. Nyumba ni yangu, ukuta ni wangu, soketi nimeiweka mimi kabla gari halijachaguliwa, na hata hapo alinitangulia.